Je, Zamani Ilikuwa Bora? Kompyuta ya Kaseti, Kigari cha Umeme na Moyo Unaotaka Kurudi



Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo huwa hatuliungami wala hatuliombei, kwa sababu halionekani kuwa dhambi wala fadhila. Ni hamu ya zamani. Ule utamu unaokuja mtu anapotaja kitu cha miaka iliyopita, na kila aliyepo anaitikia, "Eee, enzi hizo!" Je, utamu huo unamjenga Mkristo, au ni mtego?

Makusudi nimechagua mfano wa mbali kidogo. Tukianza na zamani yetu wenyewe tutaitetea kabla hatujaifikiria. Mfano wangu unatoka Uingereza, miaka ya 1980: kompyuta ndogo za nyumbani pamoja na kigari kimoja cha ajabu cha umeme, vyote kazi ya mtu mmoja aliyeitwa Clive Sinclair. Mimi nimezaliwa baada ya hayo yote. Lakini nimetazama video nyingi mtandaoni za watu wazima wenye mvi wakifungua boksi la mashine hizo, wakifuta vumbi taratibu, na sauti zao zinabadilika kabisa. Nikajiuliza: hawa watu wanalilia nini hasa?

Mashine zenyewe

Kabla ya mwaka 1980, kompyuta kwa familia nyingi ilikuwa kitu cha ofisi kubwa na vyuo vikuu. Sinclair akatoa ZX80 kwa bei ya chini ya pauni 100. Mwaka uliofuata, 1981, ikaja ZX81: pauni 69.95 ikiwa tayari, au 49.95 ukinunua vipande ukaiunganisha mwenyewe nyumbani. Kumbukumbu yake ya ndani ilikuwa kilobaiti 1. Yaani herufi kama 1,000 tu, meseji sita hivi za kawaida za simu, basi, imejaa! Haikuwa na kioo chake, uliichomeka kwenye televisheni ya familia. Haikuwa na mahali pa kutunzia kazi, ulitumia redio ya kaseti, ileile ya kusikilizia muziki.

Tarehe 23 Aprili 1982 ikatangazwa ZX Spectrum, yenye rangi, sauti na vibonye vya mpira. Ile ya kilobaiti 48 iliuzwa pauni 175. Zaidi ya milioni 5 za Spectrum ziliuzwa. Ukitaka kucheza gemu unaweka kaseti, unabonyeza, halafu mashine inaanza kupiga makelele kama mdudu aliyenaswa, mistari ya rangi inakimbia pembezoni mwa kioo, na wewe unasubiri. Dakika kadhaa. Mara nyingine mwishoni kabisa inagoma, unarudisha kaseti nyuma, unaanza upya.

Magazeti ya kompyuta ya wakati ule yalichapisha programu nzima kwenye karatasi. Mtoto alikaa chini akanakili mstari kwa mstari. Ukikosea alama moja, programu haiendi. Ndivyo wengi walivyojifunza kuandika programu, kwa kutafuta kosa lao wenyewe.

Halafu kuna kile kigari. Sinclair alikuwa na ndoto ya magari ya umeme, na mwaka 1983 aliuza sehemu ya hisa zake akapata pauni milioni 12 za kuigharamia. Tarehe 10 Januari 1985 akaizindua C5 pale Alexandra Palace, London, katikati ya baridi kali. Ilikuwa na magurudumu matatu, betri, mota ndogo, na pedali za kusaidia kwenye mlima. Usukani ulikuwa chini ya mapaja ya dereva. Haikuwa na paa. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 24 kwa saa, na mtoto wa miaka 14 aliruhusiwa kisheria kuiendesha bila leseni. Bei, pauni 399.

Watu walicheka. Dereva alikaa chini sana, hebu fikiria umekaa hivyo halafu lori linapita pembeni, na mvua inanyesha. Magazeti yakaikejeli. Zilitengenezwa kama 14,000, zikauzwa kama 5,000 tu kabla kampuni ya magari haijaanguka, mwaka huohuo wa 1985. Mwaka uliofuata Sinclair aliuza na biashara yake ya kompyuta kwa kampuni ya Amstrad, kwa pauni milioni 5.

Leo hii C5 zinatafutwa na wakusanyaji. Wana vikundi vyao, wanazikarabati, wanakutana kuziendesha. Na Spectrum mwaka 2024 ilitolewa tena, mashine mpya yenye sura ileile na vibonye vilevile vya mpira, kwa ajili ya watu waliokuwa watoto wakati ule. Kitu kilichochekwa sasa kinapendwa, na kilichokuwa taabu kinaitwa raha.

Maandiko yanasemaje?

Ukifungua Biblia juu ya jambo hili unaweza kuchanganyikiwa kidogo. Mhubiri (7:10) anatukataza kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, anasema swali hilo halitoki kwenye hekima. Lakini Kumbukumbu la Torati (8:2) linawaagiza Waisraeli waikumbuke njia yote ambayo Mungu aliwaongoza jangwani. Sasa tushike lipi? Tukumbuke au tusahau?

Mimi naona jibu liko kwenye neno moja: *yote*. Musa hakuwaambia wakumbuke sehemu tamu za njia. Aliwaambia wakumbuke njia yote, pamoja na njaa, kiu na kunung'unika kwao. Na kwenye Kitabu cha Hesabu (11:5) tunaona kumbukumbu ya aina nyingine. Watu wamechoka na mana, wanaanza kuikumbuka Misri: samaki wa bure, matango, matikiti, vitunguu. Wanataja mboga moja moja kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Mjeledi hawautaji. Watoto wao wa kiume waliotupwa mtoni hawawataji.

Ona basi, hawakusema uongo. Samaki walikuwepo kweli, matango yalikuwepo kweli. Walichofanya ni kukata picha, wakabaki na kipande chenye chakula. Na kipande hicho kilitosha kuwafanya watake kurudi utumwani.

Hapo ndipo nadhani kuna swali la dhamiri. Kuikumbuka zamani kwa furaha si kosa. Kosa linaanza pale tunapoikata, halafu tunakitumia kile kipande kuidharau leo ambayo Mungu ametupa, au kuwafuta watu walioumia kwenye hiyo zamani tunayoisifu.

Mikono ambayo haimo kwenye picha

Turudi kwenye zile kompyuta. Kwenye video za kumbukumbu utaona sana sura ya Sinclair, mwenye upara, ndevu na miwani. Utasikia majina ya magemu. Mara chache sana utasikia habari za Dundee.

Dundee ni mji wa Scotland. Huko kwenye kiwanda cha Timex ndiko ZX81 na Spectrum ziliunganishwa kwa wingi, na sehemu kubwa ya wafanyakazi walikuwa wanawake. Mama wa Dundee aliamka asubuhi, akaenda kukaa kwenye mstari wa kuunganisha, akapitisha mikononi mwake mashine ambazo leo watu wanazitolea machozi. Mwaka 1993 kulitokea mgomo mkali kiwandani hapo, wafanyakazi wakafukuzwa, na mwaka huohuo kiwanda kikafungwa. Waliobaki nje ya geti nao wana kumbukumbu ya mashine hizo. Ila yao ina ladha nyingine.

Mwaka 1981, mwaka uleule wa ZX81, Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa waraka wake juu ya kazi ya binadamu, *Laborem Exercens*. Anafundisha humo kwamba thamani ya kazi haipimwi kwanza kwa kitu kinachotengenezwa, bali kwa kuwa anayeifanya ni mtu. Kwa hiyo kazi iko kwa ajili ya mtu, mtu hayuko kwa ajili ya kazi. Tukilitumia fundisho hilo kwenye mada yetu, linatudai kitu kigumu: ukikumbuka kitu, mkumbuke na aliyekitengeneza. Kumbukumbu inayobaki na mashine ikamsahau mama wa Dundee imepungukiwa haki.

Kejeli nayo hukata picha vilevile. Ulisambaa uvumi kwamba C5 ilitumia mota ya mashine ya kufulia nguo. Haikuwa kweli. Ila C5 ziliunganishwa kwenye kiwanda cha Hoover huko Merthyr Tydfil, Wales, na Hoover wanajulikana kwa mashine za kufulia, basi uvumi ukashika, na mpaka leo kuna watu wanausimulia. Kumbe zamani tunaweza kuidhulumu kwa kuisifu mno, na tunaweza kuidhulumu kwa kuicheka mno. Amri ya nane, ile ya kutoshuhudia uongo, inawahusu hata waliokwisha pita.

Na huku kwetu je? Bibi mmoja anaweza kusimulia "enzi hizo" akacheka sana, na mdogo wake aliyekaa pembeni akanyamaza, kwa sababu enzi hizohizo ndizo alizoachishwa shule ili kaka zake wasome. Mkifurahia simulizi la wa kwanza, mgeukie na wa pili. Muulize taratibu, "Na wewe bibi, kwako ilikuwaje?" Swali hilo ni tendo la huruma. Na inawezekana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wanalilia nini?

Narudi kwenye swali langu. Wale watu wenye mvi wanalilia nini? Kilobaiti 48? Haiwezekani. Simu ya bei nafuu kabisa mfukoni mwao inaishinda mashine ile mara maelfu. Ukiwasikiliza vizuri, utaona hawaongelei sana mashine. Wanasema: baba alinunua, tukaifungua pamoja. Kaka yangu alinisomea mistari kutoka kwenye gazeti, mimi naandika. Tuligombania televisheni kwa sababu mama alitaka kuangalia taarifa ya habari. Tulisubiri kaseti imalizike, na wakati wa kusubiri tuliongea.

Wanalilia baba ambaye sasa hayupo. Wanalilia kaka, na ule umakini wa mtu mwenye kitu kimoja cha kufanya. Wanalilia wakati ambapo kesho ilionekana kubwa na wazi.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha *Maungamo*, anatembea ndani ya kumbukumbu yake kama mtu anayezunguka jumba kubwa lenye vyumba vingi. Humo anakutana na fumbo: watu wote wanatafuta maisha ya heri, wanayatafuta kama vile wanayakumbuka. Waliyajulia wapi? Utafutaji wake unamfikisha kwa Mungu mwenyewe, aliye ndani yetu kuliko tulivyo sisi, na juu yetu.

Kwangu mimi hilo linafungua mlango. Ile hamu inayokupata ukisikia wimbo wa utotoni, au ukiona kitu cha zamani kwenye kabati la babu, ni ya kweli, usiidharau. Ila ukiifuata mpaka kwenye kile kitu chenyewe, haishibi. Unanunua mashine mpya yenye sura ya zamani, unaichomeka, unacheza wiki moja, halafu inakaa. Kwa sababu ulichokitaka hakikuwa ndani ya boksi. Ni hamu ya Mungu ambayo imekosea anwani. Unataka nyumba ambamo hakuna anayekosekana mezani, na nyumba hiyo haiko nyuma yetu. Iko mbele.

Ukumbusho unaosogea mbele

Bwana wetu alipotuambia tumkumbuke mke wa Lutu (Luka 17:32), alimtaja kama onyo. Yule mama aligeuka nyuma akawa nguzo ya chumvi. Akabaki palepale, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Nimewaona vijana wenzetu wakigeuka chumvi wakiwa na miaka ishirini tu. "Zamani vijana parokiani walikuwa wengi." "Zamani watu walikuwa na imani." "Zamani kwaya iliimba." Wanasema hivyo, wanakaa nyuma ya kanisa, wanaondoka. Kumkosoa padre na viongozi ni rahisi. Kujiunga na kwaya yenye watu tisa ni kazi.

Lakini Bwana huyohuyo, usiku wa karamu ya mwisho, alituagiza tukumbuke. Kila Misa ni ukumbusho. Na ukumbusho huo haukati picha: unataja mwili uliotolewa na damu iliyomwagwa, unataja hata usiku wa kusalitiwa. Hauturudishi Yerusalemu ya zamani tukakae huko. Unamleta Kristo hapa, leo, halafu tunaambiwa twende na amani, tukahudumu. Ukitaka kujua kumbukumbu nzuri inafananaje, angalia altareni: ni kweli yote, kwa shukrani, na inakutuma.

Mtakatifu Carlo Acutis anatusaidia kuliona hili. Alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano. Alipenda kompyuta kama sisi. Mashine ya wakati wake aliitumia kutengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi, yaani alikusanya mambo ya karne zilizopita ili watu wa leo waende kuabudu. Alikufa mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu. Kompyuta za enzi zake nazo zimeshakuwa za kizamani. Alichokitumikia kwa kompyuta hizo hakijazeeka.

Sinclair mwenyewe, aliyefariki mwaka 2021, alisema kwenye mahojiano kwamba hatumii barua pepe. Mtu aliyeingiza kompyuta kwenye nyumba za mamilioni! Hakukaa kuzilinda mashine zake za zamani. Aliendelea kubuni, na mwaka 2006 akatoa baiskeli ndogo ya kukunja. Na ile ndoto ya usafiri mdogo wa umeme haikufa na C5. Leo ukisimama barabarani Nairobi au Kigali utaziona pikipiki za umeme zikibeba abiria, na madereva wakibadilisha betri vituoni. Si C5, wala si matunda yake moja kwa moja. Lakini wazo lililochekwa mwaka 1985 leo linalisha familia. Mbegu nyingine hatuzioni zikiota tukiwa hai, na anayekumbuka vizuri hujifunza kutowacheka wanaopanda.

Wiki hii tufanye nini?

Napendekeza mambo mawili tu. La kwanza, mtafute mzee mmoja nyumbani au jumuiyani. Papa Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee mwaka 2021, lakini hatuna haja ya kusubiri Jumapili ya nne ya Julai. Muulize kuhusu kitu kimoja cha zamani anachokipenda: redio, cherehani, baiskeli. Usimkatize, na usimwambie kwamba siku hizi kuna kizuri zaidi. Akimaliza sehemu tamu, muulize na sehemu ngumu, kama yuko tayari. Muulize nani alikuwa pamoja naye. Majina utakayoyasikia, wengi watakuwa marehemu. Yapeleke kwenye sala zako.

La pili, usiku kabla ya kulala, ukipatwa na hamu ya wakati uliopita, usiikimbilie simu kuipooza. Kaa nayo dakika chache mbele ya Mungu. Mwambie unachokikosa kweli, kwa jina lake. Pengine ni mtu. Pengine ni amani. Pengine ni wewe mwenyewe wa zamani, uliyekuwa unasali. Halafu mshukuru kwa kuwa kilikuwepo, na muulize kesho anataka ufanye nini.

Tusali: Ee Bwana, wewe ni wa jana, leo na milele. Utujalie kuikumbuka njia yote uliyotuongoza, bila kuipaka sukari na bila kuicheka. Uwapumzishe kwa amani wale tunaowakosa. Utuponye sisi tulioumizwa na siku zilizopita. Na utupe moyo wa kuipenda leo, kwa kuwa ndipo unapotungoja. Amina.

Mungu awabariki sana. Bikira Maria, aliyeyaweka mambo yote moyoni mwake na kuyatafakari, atuombee.